Imegoma, Imenuna, Imesusa

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijisimulia kisa hiki kwa mpangilio usio sahihi. Huanzia pale nilipoligundua kosa, kwa kuwa hapo ndipo ninapoonekana mtu mwenye akili. Mpangilio sahihi huanza na meza.

Ilikuwa meza ya mninga, iliyochongwa Keko, ya Meneja wa bohari la vipuri lililokuwa kando ya Barabara ya Pugu, ukishaupita uwanja wa ndege na kabla hujafika Gongo la Mboto. Shirika lilikuwa bado la umma, lakini kila mfanyakazi alijua kwamba lilikuwa likiandaliwa kuuzwa, na kwamba kabla ya kuuzwa lingepunguza watu. Mimi nilikuwa mgeni pale. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nimepelekwa na chuo kufanya utafiti wa vitendo: namna ya kuufuatilia mtandao wa kompyuta na kuzitambua hitilafu katika viungo vyake kabla watumiaji hawajalalamika.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa Etheneti, wa aina iliyohesabika kuwa ya kisasa wakati ule. Waya mmoja mweusi ulipita nyuma ya meza tisa, kutoka ofisi ya Meneja, ukapitia masjala, ukaishia kwenye dirisha la kutolea vipuri. Kila kompyuta ilijishikiza kwenye waya huo kwa kiungio cha chuma, na kila ncha ya waya ilivikwa kizibo kidogo cha kuyameza mawimbi yasirudi yalikotoka. Kompyuta zote tisa zilizungumza katika waya huo mmoja kama watu wa kikao kisicho na mwenyekiti: kila mmoja husikiliza kwanza, kukiwa kimya husema, wakisema wawili kwa pamoja, wote hunyamaza, husubiri, kisha hujaribu tena. Ubaya wa mpango huu ni kwamba hitilafu ya mahali pamoja huwa hitilafu ya wote, na hakuna awezaye kuionyesha kwa kidole.

Meza ilikuja asubuhi, imebebwa na mafundi wanne. Ujia ulikuwa mwembamba. Walipofika mbele ya masjala waliitua ili wapumue, na mguu mmoja ukaukalia waya palepale ulipochomoza ukutani. Nilisikia ofisi nzima ikiguna kwa pamoja.

"Fundi, inua! Inua meza!"

"Kwani tumekanyaga nini? Nyoka?"

Kipande kilichopondeka kilikuwa kati ya meza ya karani mkuu wa masjala na meza iliyofuata. Nilihitaji kama mita mbili za waya, na akiba yetu ilikuwa imekwisha. Nikaenda Kariakoo. Hiyo ilikuwa miaka ambayo televisheni zilikuwa zimeanza kuonekana huku Bara, na ghafla kila duka lililokuwa likiuza balbu na soketi lilikuwa limening'iniza mlangoni mizunguko ya waya wa antena. Nilimwonyesha muuzaji kipande kilichopondeka. Akakishika, akakigeuza, akavuta mzunguko mmoja.

"Huu huu, braza. Mweusi, una uzi katikati, una wavu juu yake. Unataka wa namna gani tena?"

Nilitazama rangi, uzi wa katikati, wavu. Vyote vilifanana. Mimi ni mtu ambaye sijawahi kununua kalamu bila kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake, lakini siku ile sikuyasoma yaliyochapwa kwenye waya. Niliporudi, kiungio kilikataa kuingia, kwa sababu waya ulikuwa mnene kidogo kuliko ule wa awali. Nikachukua wembe, nikauchonga mpira wa nje mpaka kikaingia. Saa tisa alasiri kompyuta zote zilikuwa zimerudi. Meneja alitoka nje ya ofisi yake, akanipa mkono mbele ya watu, akaagiza niletewe soda. Niliinywa nimesimama.

*

Masjala ilikuwa na wanawake wawili. Mkubwa wao alikuwa karani mkuu, mwenyeji wa Temeke, mtu wa pwani kwa baba na mama, aliyeanza kazi pale enzi ya taipureta na kuandika kwa vidole kumi bila kuitazama mikono yake. Alikuwa amepewa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta kadi zote za vipuri, maelfu kwa maelfu, na kila kadi aliyoimaliza ilisafiri kupitia waya hadi kwenye seva. Sisi sote tulimwita Mama. Wa pili alikuwa binti aliyetoka Bukoba miaka michache nyuma, mwepesi wa maneno, aliyepokea simu na barua. Hao wawili walitaniana mchana kutwa.

"Mama, leo tena? Hiyo mashine yako ina jini."

"Majini ya pwani yananijua, hayanisumbui. Hili limetoka kwenu bara, limekuja na mizigo yako."

"Basi lifukizie ubani."

"Nifukize ubani, kadi aziandike nani? Wewe na simu yako hiyo?"

Walitaniana kwa sababu mashine ya Mama ilikuwa imeanza kukwama. Kwa kweli mashine zote zilikuwa zimeanza kukwama, lakini yake ilikwama mara nyingi zaidi. Sikushtuka. Wiki zile zile mgawo wa umeme ulikuwa umerudi, na joto la kabla ya masika lilikuwa limefikia kiwango cha kuyeyusha gundi ya bahasha. Nilikuwa na sababu nyingi za kuchagua, nami mtu mwenye sababu nyingi huona fahari kutochagua upesi.

Wiki mbili baada ya meza kuingia, nilimaliza kuiandika programu yangu ya ufuatiliaji. Kila kompyuta huweka yenyewe hesabu ya mara ilizojaribu kutuma ikashindwa. Programu ilizikusanya hesabu hizo kila robo saa na kuzipanga. Niliipenda. Nilikuja kazini mapema ili niyasome iliyoyaandika.

Asubuhi moja nilipopita masjala nikamwamkia Mama kama kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, imenuna tena."

"Imekwama?"

"Sijasema imekwama. Ikikwama moja kwa moja, mpaka niizime niiwashe, hiyo imegoma. Ikienda polepole, neno moja sasa, la pili baadaye, imenuna. Ikinikatia kabisa, halafu ikarudi yenyewe kama hapakuwa na neno, hiyo imesusa. Ni mambo matatu." Alivuta mtoto wa meza, akatoa daftari la jalada gumu, kama yale ya rejista za barua. "Nimekuandikia humu. Kila ikifanya vituko naandika na saa. Ndo kazi yetu masjala, kuandika kilichoingia na kilichotoka."

Sikulipokea. Ninakumbuka kwamba mikono yangu ilikuwa nyuma.

"Ahsante, Mama, lakini usijisumbue. Programu inaandika yenyewe."

"Inaandika na kununa?"

"Inaandika kila kitu."

"Haya," alisema, akalirudisha daftari mahali pake. Hakuonekana kuudhika, lakini wakati ule mimi sikuwa mtu wa kuyaona hayo.

*

Meneja aliniita mwishoni mwa mwezi wangu wa pili. Alikuwa ameketi nyuma ya meza ya mninga, ambayo bado ilinukia vanishi.

"Mimi si mtu wa mambo haya," alisema. "Nipe ukurasa mmoja. Tatizo liko wapi?"

Nilimpa ukurasa mmoja. Ulikuwa na jedwali la kompyuta tisa, limepangwa kuanzia yenye hitilafu nyingi hadi yenye chache. Ya Mama ilikuwa juu kabisa, imeziacha nyingine mbali. Chini ya jedwali niliandika sentensi ambayo siku hiyo niliiona kuwa kilele cha uchunguzi wangu. Kila siku, kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana, hitilafu za mtandao mzima zilipungua sana. Nilikuwa nimelitafakari jambo hilo, nikaenda kutazama kwa macho, nikaona kwamba huo ndio muda Mama alipokuwa akienda kutawadha na kuswali adhuhuri kwenye mkeka aliouweka katika chumba cha majalada ya zamani, kisha akala chakula chake. Nikaandika kwamba hitilafu hupungua pindi mtumiaji wa kompyuta hiyo anapokuwa hayupo mezani.

Meneja alipiga mstari chini ya neno "mtumiaji".

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni kompyuta yake," nilisema.

"Kompyuta haijiendeshi."

Sikujibu. Nimeupima ukimya huo mara nyingi tangu wakati ule, na makadirio yangu ni kwamba ulitosha mtu kufunga kalamu na kuiweka mfukoni, maana hivyo ndivyo alivyofanya. Ningeweza kusema kwamba chanzo cha hitilafu na mahali inapoonekana si lazima viwe kitu kimoja. Hilo limo katika sura ya kwanza ya kitabu chochote cha fani yangu. Nililijua. Lakini ukurasa ulikuwa umependeza, na nilikuwa nimeombwa ukurasa mmoja.

Jumatatu iliyofuata alinisimamisha ujiani. "Umenisaidia sana," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesifu chakula cha msibani. "Masjala wako wawili na itabaki nafasi moja. Nilikuwa sijui nimwache yupi. Wewe umenipa sababu. Orodha inakwenda kwa wakubwa Ijumaa."

*

Ningependa kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyoniamsha. Kilichoniamsha ni safu ya jedwali. Nilirudi mezani kwangu, nikautazama ukurasa wangu, nikaona kwamba nilikuwa nimeandika kila kompyuta imeshindwa mara ngapi, na sikuwa nimeandika imejaribu mara ngapi. Mtu aendaye sokoni mara ishirini hunyeshewa mara nyingi kuliko aendaye mara mbili, wala hatusemi kwamba yeye ndiye mleta mvua. Mama alikuwa akituma kadi nyingi kuliko ofisi nzima ikijumlishwa. Alipoondoka kwenda kuswali, hitilafu zilipungua kwa sababu kazi ilipungua.

Au ndivyo nilivyodhani. Sasa niliogopa kudhani, hata lililo sahihi. Jumanne mchana nilimfuata.

"Mama, ukienda kuswali leo, naomba nikae kwenye kiti chako niandike kadi."

"Wee? Unajua kuandika kadi?"

"Nitajaribu."

"Kaa basi. Usinichanganyie tu, za trekta huku, za pampu huku."

Niliandika kwa vidole viwili. Mashine haikununa wala kugoma, na kwa dakika kadhaa niliogopa, kwa kuwa hilo lingeweza kuwa na maana kwamba Meneja alisema kweli. Kisha nikatambua kwamba katika muda ambao Mama angemaliza kadi thelathini, mimi nilikuwa nimemaliza nne. Nikamgeukia binti.

"Wewe unaandika haraka?"

"Braza, mie nimesomea uhazili. Kwa nini?"

"Kaa hapa, andika kwa kasi yote uliyo nayo."

"Nisije nikapandwa na jini bure." Lakini alikaa, akakunja mikono ya blauzi, na vidole vyake vikaanza. Alimaliza kadi kumi, kumi na tano. Halafu akasimamisha mikono hewani.

"Yesu wangu! Imenuna."

"Endelea."

"Inaleta neno mojamoja. Ona. Haya, sasa imegoma kabisa!" Alicheka, akapiga kofi. "Kumbe si Mama! Hata mie inanigomea!"

Mama aliingia wakati huo, mikono bado ina umajimaji wa udhu, mkeka umekunjwa kwapani. Baadaye nilifikiria kwamba alikuwa ameswali harakaharaka siku ile.

"Nani kaigomesha?"

"Si mie, Mama, ni huyu braza kanituma!"

"Kugoma na igome, lakini iandikwe." Akavuta mtoto wa meza, akalitoa daftari, akaliweka mbele yangu. "Saa ngapi? Andika. Weka na jina la aliyekuwa kwenye kiti."

Safari hii nililipokea. Kabla ya kuandika nililifungua mwanzo, kwa sababu mimi siwezi kuandika ukurasa wa katikati bila kuuona wa kwanza. Daftari lilianzia siku kompyuta zilipoletwa ofisini, miezi mingi kabla ya mimi kufika. Kurasa za mwanzo zilikuwa karibu tupu. Umeme umekatika. Umeme umekatika. Wino wa printa umekwisha. Kisha, kwa mwandiko uleule ulionyooka, nikasoma: "Meza ya Meneja imeletwa. Waya umepondeka. Mwanafunzi ameunga. Saa tisa na robo, imenuna." Mstari uliofuata: "Saa tisa na nusu, imesusa. Na ya jirani pia." Kuanzia hapo kurasa zilijaa.

Programu yangu haikuwa na "kabla". Nilikuwa nimeiwasha wiki mbili baada ya meza, nikauchukua ugonjwa kuwa ndiyo hali ya kawaida, nikaanza kutafuta wa kumlaumu ndani yake. Daftari lilikuwa na "kabla", tena lilikuwa na saa: robo saa baada ya mimi kuinywa ile soda.

Nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza. Kipande changu kilikuwa pale, kimefunikwa vumbi. Nilikipangusa kwa kidole gumba, nikasoma yaliyochapwa ubavuni. Namba ilitofautiana na ya waya uliobaki kwa tarakimu ya mwisho tu. Ulikuwa waya wa antena ya televisheni. Ukinzani wake ni tofauti, na mawimbi yanapofika kwenye waya wenye ukinzani tofauti, sehemu yake hurudi nyuma na kuyavuruga yanayofuata, kama vile pale katikati ya mtandao nilikuwa nimejenga ukuta mdogo usioonekana. Kiungio nilichokilazimisha kwa wembe kilicheza nilipokigusa.

"Kuna nini huko chini?" Mama aliuliza.

"Naangalia tu, Mama," nikasema.

*

Hiyo ndiyo sehemu ninayoipita haraka ninapojisimulia. Ilikuwa Jumanne, saa saba na nusu mchana. Nilijua. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nilijiambia kwamba nahitaji kuwa na hakika: nipate waya sahihi kutoka maabara ya chuo, nibadilishe, nipime kwa siku nzima Mama akiandika kwa kasi yake, nigawanye hitilafu kwa majaribio, nichore grafu. Jumatano nilikwenda chuoni kufuata waya. Usiku ule, kwenye chumba changu cha kupanga Kinondoni, nilianza kuandika ripoti. Alhamisi asubuhi nilibadilisha waya kabla ya kazi kuanza, na mpaka mchana mashine ya Mama haikugoma, haikununa, haikususa hata mara moja. Nilipomaliza, ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja. Sitaki kujidanganya kwamba ulikuwa usahihi mtupu. Katika kurasa kumi na moja, maneno "mimi ndiye niliyeununua waya" yalikuwa katika ukurasa wa tisa.

Meneja aliyapokea makaratasi yangu bila kusimama, akayapima mkononi.

"Ukurasa mmoja ulisema ni yeye. Hizi kumi na moja zinasema nini?"

"Zinasema si yeye. Ni waya. Ni mimi, bwana. Mimi niliuweka."

"Orodha iko kwa mpiga chapa. Niwaambie wakubwa nini, kwamba mwanafunzi kabadili mawazo?" Akayaweka pembeni mwa meza, juu ya gazeti. "Nimekusikia. Nenda."

Nilikwenda masjala. Nilisimama mbele ya meza ya Mama, nikamwambia yote kwa mfululizo: waya, wembe, jedwali, ile sentensi ya saa sita na nusu, orodha ya Ijumaa, nafasi moja itakayobaki masjala. Binti aliacha simu iite mpaka ikakoma yenyewe.

Mama aliacha kuandika. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo swala yangu ndo iliyonichongea."

"Mama, nisamehe."

"Ngoja kwanza na msamaha. Hizo karatasi umempa mkononi?"

"Ndiyo."

"Hazina mhuri? Hazina namba ya folio?"

"Hazina."

"Basi hujampa kitu. Karatasi isiyopita masjala ni ya kufungia maandazi. Ikisajiliwa ikaingia kwenye jalada, jalada linakwenda kwa wakubwa pamoja na orodha, wakilifungua wanaikuta, na lazima ijibiwe. Ndo maana tuko hapa." Akanisukumia karatasi tupu. "Andika moja. Fupi, mwanangu. Mambo yako ya kuzunguka mbuyu acha."

Niliandika kwenye ukingo wa meza yake, nimesimama. Ilikuwa na sentensi nne, na ya kwanza ilisema kwamba hitilafu ya mtandao ilisababishwa na mimi. Mama aliisoma, akanirekebishia mahali pa kuweka namba ya kumbukumbu, akairudisha mkononi mwangu.

"Barua inanihusu mie. Siwezi kuisajili mwenyewe, haifai. Mpe mwenzangu."

Nikampa binti. Aliisoma mara moja, kisha mara ya pili. Nilimwona alipoifikia hesabu. Makarani wawili, nafasi moja. Alikuwa na mhuri mkononi, ule wa mpini wa mbao, na kidau cha wino kilikuwa wazi mbele yake. Alinitazama mimi, hakumtazama Mama.

"Nikiugonga huu mhuri, braza, anabaki nani?"

Kwa mara ya pili katika ofisi ile, nilikuwa na jibu nikanyamaza.

"Usigonge kama moyo hautaki, binti yangu," Mama alisema. "Mie nimeshakula chumvi yangu."

"Na wewe, Mama, usinizungushe." Binti aliuchovya mhuri winoni. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Barua imeingia, haijaingia?"

Mama aliitazama barua. "Imeingia," alisema mwishowe.

"Basi."

Akagonga. IMEPOKELEWA, kwa wino wa zambarau. Akaandika namba ya folio, akaandika saa, akaifungua rejista na kuiingiza katika mstari wake. Mkono wake ulikuwa thabiti kuliko wangu. Alipomaliza akaitoboa, akaifunga ndani ya jalada, kisha akainua simu iliyokuwa imeanza kuita tena na kusema jina la shirika kwa sauti yake ya kila siku.

*

Orodha ilibandikwa ubaoni wiki mbili baadaye. Jina la Mama halikuwamo. La binti lilikuwamo.

Hakuna aliyeniambia kwamba barua yangu ndiyo iliyolihamisha lile panga kutoka shingo moja kwenda nyingine. Inawezekana wakubwa walitazama miaka ya utumishi tu. Nimeyapitia maelezo mengine yote, nami ninajua kuyapanga, lakini sina "kabla" wala sina namba ya kugawanya, na kwa hiyo sitajua.

Siku ya kuondoka, binti alikabidhi mhuri, kidau cha wino na funguo za kabati, kila kimoja kikiandikwa na kutiwa saini. Nilisimama mlangoni.

"Braza, usinitazame kama umefiwa," alisema. "Waya si umeshabadilisha? Basi. Dada yangu yuko hoteli moja ya Kunduchi, wanatafuta mtu wa kupokea simu. Simu naijua." Akamwinamia Mama. "Mama, jini lako nakuachia."

"Nenda nalo, litakusindikiza," Mama alisema, lakini sauti haikufika mwisho wa utani.

Utafiti wangu ulipokelewa vizuri. Msimamizi wangu aliisifu hasa sehemu iliyoeleza kwa nini hitilafu lazima zigawanywe kwa majaribio, akaniuliza wazo hilo nililipata wapi. Nilimwambia, kazini.

Siku yangu ya mwisho boharini nilikwenda masjala kuaga. Kiti cha pili kilikuwa kimesukumwa chini ya meza yake, na juu ya meza hiyo pamepangwa majalada. Mama alikuwa akiandika barua zinazoingia, huku simu ikiita na kadi zikimsubiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nilingoja neno la pili, lile alilozoea kuniita. Halikuja. Badala yake alivuta mtoto wa meza, akalitoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa ulioandikwa mstari mmoja tu, akaligeuza linielekee.

"Saa nne," nilisoma. "Mashine nzima, haikununa. Kiti cha pili hakina mtu."

Nikainua macho. Alikuwa amenishikia kalamu.

"Hapo mwisho wa mstari," alisema. "Saini."

Nikatia saini.